Karai la Watu Kumi

Kaka yangu Elies alikuwa na makarai matano, yametundikwa ukutani kwenye kibanda cha uani kuanzia dogo hadi kubwa: la watu wawili, la wanne, la sita, la kumi, na lile la ishirini lililotoka mara mbili tu, siku ya harusi yake na siku ya ubatizo wa mwanawe Voro. Makarai ya kwetu ni bapa, kina chake vidole vitatu, na wali ndani yake hulala mwembamba, usizidi unene wa kidole. Huwezi kuwapikia wanne kwenye karai la kumi, wala kumi kwenye karai la wanne. Kwa hiyo Jumapili asubuhi ukimwona Elies anashusha karai, ulijua anategemea watu wangapi, na ukimwona amenuna ulijua kuna aliyepiga simu kusema haji.

Mimi ni Consol, dada yake, mdogo kwake kwa miaka mitano. Nyumba zetu zimepakana ukuta, mashamba ya mpunga yakianzia nyuma ya nguo zetu za kuanika. Kwa miaka hamsini sikupika chakula cha mchana siku ya Jumapili. Kwetu karai la uani ni la mwanamume, na mwanamke akithubutu kuligusa anaambiwa arudi jikoni akakate saladi. Nilikata saladi miaka hamsini. Sikulalamika sana, maana wali wa Elies ulikuwa wali kweli.

Kazi yake ilikuwa kufungulia maji ya mashamba. Miaka arobaini alizunguka kwa baiskeli na ufunguo mrefu wa chuma, akifungua na kufunga milango ya mifereji kwa saa, huyu maji yake saa kumi na moja alfajiri, yule saa moja. Ukichelewa kuamka, maji yamekwenda kwa jirani, na hata ulie namna gani Elies hakurudi nyuma. Watu walimheshimu kwa hilo, na wengine walimchukia. Tabia hiyohiyo aliileta kwenye karai.

Mchele wetu una sheria. Nyama unaikaanga taratibu, kuku na sungura, hadi iwe rangi ya kahawia. Unatia maharage mapana mabichi, nyanya, pilipili tamu ya unga, maji, zafarani, na supu inachemka hata saa nzima bila tatizo. Mpaka hapo mtu yeyote anaweza kuchelewa. Lakini ukishatia mchele, basi. Dakika kumi na nane, mapumziko kidogo, na kila mtu awe ameshakaa kuzunguka karai, kijiko cha mti mkononi, anakula sehemu iliyo mbele yake mpaka afike katikati, bila kuvuka mpaka wa jirani. Mchele huo ukingoja unavimba na kuwa uji. Elies alikuwa na msemo wake, na alituchosha nao: wali hausubiri mtu, mtu ndiye anayesubiri wali.

Wageni wanaoletwa na mabasi kwenye mikahawa ya kule ziwani hawajui haya. Wanakula wali wetu usiku, kila mtu na sahani yake kama yuko hospitali, soseji zimechomekwa juu, na wanapiga picha. Elies aliwahi kupita pale akasimama kutazama, kisha akaniambia, "Dada, wale wanakula maiti."

Nimchekeshe tu msomaji, maana yanayofuata hayachekeshi.

Elies na marehemu wifi yangu Leonor walikuwa na watoto wawili, Voro na Neus. Voro ni mtu wa kufuata upepo. Neus alimrithi baba yake, kichwa kigumu, maneno machache, na akishafunga mlango amefunga. Elies alimpenda kupita kiasi na alionyesha kwa njia moja tu: ini la sungura. Sungura ana ini moja, na ini hilo tangu Neus ana meno sita lilitua upande wake wa karai. Voro alipolalamika aliambiwa, "We kula maharage, yana nguvu."

Miaka kumi na mitano iliyopita Neus alitaka kumleta mchumba wake, Gonzalo, mtu wa Burgos huko kaskazini. Saa nane kamili, walikubaliana. Elies alishusha karai la sita. Saa nane ikafika, saa nane na robo ikafika. Leonor akamwomba, "Mume wangu, ngoja kidogo, ni mgeni." Elies akatazama saa yake, akatia mchele.

Walifika saa tisa, jasho linawatoka, gari lilikuwa limepasuka tairi. Sisi tulikuwa tunakwangua ukoko. Elies akamnyooshea Gonzalo mkono, akamwambia mkewe, "Leonor, wakaangie mayai."

"Mayai?" Neus akauliza. "Baba, nimekuletea mchumba, unampa yai?"

"Wali hausubiri mtu."

"Na ini?"

Ini nililila mimi. Elies aliniwekea upande wangu, nami sikuuliza, nikalila.

Neus akamshika Gonzalo mkono wakaondoka. Harusi waliifunga kule Burgos, hatukualikwa. Leonor alipokufa Neus alikuja kuzika, akasimama kaburini, akarudi zake bila kukanyaga uani. Walihamia Valencia, mwendo wa nusu saa tu kutoka kwetu, akazaa mtoto wa kiume, na babu yake hakuwahi kumwona. Elies akawa anashusha karai la sita, halafu la wanne, Voro na familia yake wasipokuja wote, halafu la watu wawili, yeye na mimi. Nilimwambia mara nyingi, "Kaka, piga simu." Alinijibu kwamba yeye hakuchelewa.

Mwaka jana mikono yake ilianza kutetemeka. Aliuangusha ufunguo wa maji aliokuwa ameuweka kama kumbukumbu, ukamvunja kidole cha mguu, na mara mbili nilimkuta amesahau moto. Voro akaamua: baba aende kwenye nyumba ya wazee kule mjini, nyumba hii ifungwe. Siku ilipangwa, Jumatatu moja ya mwezi wa tano. Elies hakubisha, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Nikampigia Neus mimi. Nikamwambia Jumapili hii ni ya mwisho, baada ya hapo hakuna moto wala uani.

"Ananitaka yeye au unanitaka wewe, shangazi?"

"Yeye. Mimi nakutaka kila siku."

"Nitakuja saa nane. Nitamleta mtoto. Gonzalo sijui, anasema yai lake alishakula." Kisha akaongeza, "Usimwambie baba nimelia."

Nilipompa Elies habari hizo alikuwa anamenya maharage. Aliendelea kumenya. Baadaye nikasikia chuma kinagongana kibandani, nikachungulia juu ya ukuta: ameshusha karai la kumi, amekaa nalo chini, analisugua kwa mafuta. Tulikuwa sita, na Neus na watu wake wawili, jumla tisa. Nilikata saladi siku hiyo nikiimba.

Saa saba alikwishawasha kuni za mchungwa. Voro alikuja na mkewe Fina na mabinti zao wawili. Saa nane supu ilikuwa inachemka vizuri na mchele uko kwenye mfuko wake wa kitambaa juu ya kigoda. Elies alikuwa amevaa shati jeupe. Hakuketi. Mwenye moto haachi moto, hata sekunde, kuni za mchungwa zinashika na kuzima kwa kasi. Kwa hiyo alisimama pale na koleo mkononi, mgongo kwa jiko na macho kwenye geti.

Saa nane na nusu akaongeza maji ya moto. Saa tisa akaongeza tena. Mabinti walimaliza zeituni, wakamaliza mkate, wakaanza kuchungulia simu zao.

"Baba," Voro akasema, "si wewe uliyetufundisha kwamba wali hausubiri mtu?"

"Sijatia mchele," Elies akajibu. "Hiyo ni supu. Supu inasubiri."

"Mpaka mwaka gani?"

Fina akacheka, akanigusa kiwiko. "Ngoja ngoja huumiza matumbo, shangazi. Watoto hawajala tangu asubuhi."

Niliingia ndani kumpigia Neus. Simu ilikuwa imezimwa. Nilipiga mara tatu. Nilipotoka nilikuta Elies anaongeza maji mara ya tatu, na mikono inatetemeka hivi kwamba nusu ya maji iliingia kwenye moto, majivu yakaruka. Macho yake yalikuwa mekundu, yanamwagika.

"Moshi," akaniambia.

"Hatakuja, baba," Voro akasema kutoka mezani, si kwa ubaya, kwa uchovu. "Alikuja lini?"

Hapo damu ilinipanda. Nilimkasirikia Neus kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, kwa kumsimamisha mzee wa miaka themanini na tatu mbele ya moto saa moja na nusu, amevaa shati jeupe, mbele ya watu wanaomcheka. Nikasema moyoni, kama hawezi kumaliza aibu hii, nitaimaliza mimi. Ilikuwa saa tisa na nusu. Nikauchukua mfuko kwenye kigoda nikaumimina mchele wote karaini.

Karai linalia mchele unapoingia, halafu linanyamaza. Elies akageuka.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimetia mchele. Watu wana njaa."

Aliutazama mchele unavyozama. Hautolewi ukishaingia, sisi wote tunajua. Kisha miaka hamsini ya mazoea ikamchukua: akashika upawa, akausambaza, akachochea moto ukawaka kwa nguvu, baada ya dakika chache akaanza kuchomoa kuni moja moja mpaka moshi ukabaki uzi. Ulikuwa wali mzuri kuliko wote aliowahi kupika, na nasema hivyo kwa uchungu.

Tulipoketi, kabla mtu hajachovya, alichukua kijiko chake akachora mistari kwenye wali. "Sehemu hizi tatu hazina wenyewe hapa," akasema. Akahamisha vipande vya nyama kwa ncha ya kijiko, hiki huku, kile kule, akapanga. Kisha akaketi nyuma ya zile sehemu tatu, mgongo kwenye ukuta wa kibanda, na yeye mwenyewe akala vijiko viwili tu.

Sisi tulikula. Njaa haina adabu. Tulipofika kwenye ukoko, binti mdogo wa Voro akavuka mpaka wangu, nikampiga mkononi kwa kijiko, akanirudishia, Fina akapiga kelele kwamba shangazi anaiba, na sote tukacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza mchana ule. Nilikuwa bado nacheka, ukoko mdomoni, nilipoona Voro amenyamaza anatazama nyuma yangu.

Neus alikuwa amesimama getini. Ana nywele za mvi pembeni, mwanangu yule. Mkononi ameshika sahani ya keki imefungwa kwa karatasi na uzi, maana kwetu mkono mtupu haulambwi, huendi kula kwa watu bila kitu cha kumalizia. Nyuma yake, barabarani, mtoto alikuwa dirishani mwa gari. Kutoka pale getini alichoona Neus ni migongo yetu, vijiko vyetu, na upande wetu wa karai umekwanguliwa ukang'aa. Zile sehemu tatu zilikuwa upande wa pili, na mimi mwenyewe na unene wangu nimeziziba.

"Mmekula," akasema.

Elies alisimama, ameshikilia meza.

"Baba, nani ametia mchele?"

Nilikuwa na ukoko mdomoni. Wakati wa kumeza ulikuwepo, na wa kusema pia ulikuwepo. Nilimtazama kaka yangu, naye akanitazama, na nikajua macho yangu yanamwomba nini. Mwanamke wa miaka sabini na minane.

"Mimi," Elies akasema. "Karai ni langu."

Neus akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuja kuuliza jambo alilolijua. Akaweka keki juu ya ukuta wa geti, akageuka. Elies akasema, "Sehemu yenu ipo," lakini sauti yake siku hizo ilikuwa haifiki mbali, na injini ya gari ilikwishawaka. Voro aliinuka akafika getini, akarudi. Mimi sikuinuka.

Jioni nilizifungua zile keki. Za malenge, zenye krimu juu, zile Elies alizozipenda, zinazouzwa duka moja tu mjini. Krimu yote ilikuwa imeyeyuka ikashuka chini, na kati ya kumi na mbili moja haikuwepo. Nikamlaani muuzaji.

Elies hakuruhusu mtu aguse zile sehemu tatu. Alikaa nazo mpaka jua lilipozama, kijiko magotini, akifukuza nzi. Asubuhi Voro alipokuja kumchukua, wali ulikuwa umekauka karaini, zile sehemu tatu kamili. Neno lake la mwisho uani lilikuwa kwangu: "Lipake mafuta lisipate kutu."

Nilimtembelea kila Alhamisi. Alhamisi kule ni siku ya wali, wanauleta kwenye sahani yenye kifuniko, na yeye anafunua, anatazama, anafunika. Siku moja nilipata ujasiri nikamuuliza kwa nini alijitwisha kosa langu.

"Mimi ameshazoea kunikasirikia," akasema. "Mimi naondoka. Wewe utabaki, atahitaji kuwa na mtu."

"Mpigie simu basi umwambie sehemu ilikuwepo."

"Alikuja saa kumi, Consol. Alikuja kula makombo?" Akafunika sahani. "Si utaratibu."

Hata pale, mjinga yule. Nilikuwa na namba ya Neus kwenye mkoba wangu na ningeweza kumpigia mimi. Niliogopa. Kila Alhamisi nilijiambia wiki ijayo, na mwezi wa kumi na moja Elies akafa usingizini, siku ya Jumatano.

Neus alikuja kuzika, amesimama peke yake tena, upande uleule aliosimama kwa mama yake. Watu walipoanza kutawanyika nilimfuata.

"Neus, mimi ndiye niliyetia mchele siku ile. Baba yako alikataa kuutia. Alikungoja saa moja na nusu."

Hakushtuka kama nilivyotegemea. Alitazama viatu vyake.

"Nilifika saa nane kasoro dakika kumi, shangazi," akasema. "Niliegesha nyuma ya kinu cha mpunga, hatua chache kutoka kwenu. Niliuona moshi."

Nikamsogelea karibu zaidi.

"Nilishindwa kushuka. Nikazima simu. Nikasema, akitoka hata mara moja tu barabarani kunitazama, naingia. Mtoto alilala, akaamka, akala keki moja, akaniuliza mbona hatuendi kwa babu. Nikamwambia babu anakuja kutuchukua."

"Alikuwa na moto, Neus. Mwenye moto haachi moto."

"Najua. Nimekulia pale. Nilijua hawezi kutoka, na bado nikangoja atoke." Alipangusa pua kwa kiganja, kama alipokuwa mdogo. "Halafu moshi ukapungua, nikajua mchele umetiwa. Hapo ningekimbia ningewahi. Nikakasirika badala yake. Nikakaa tena nusu saa, ndipo nikaja, nione kwa macho yangu kwamba ni yuleyule."

Hasira hasara, watu wanasema, na wanasema kwa wepesi. Nilihesabu pale kaburini: ukoo wetu mzima ulikuwa na hasira ya kutosha kuivisha wali wa watu ishirini. Nikamwambia lililobaki, kwamba baba yake alichora mistari kabla ya mtu kula, kwamba aliwawekea sehemu tatu, hata ya Gonzalo, akazilinda na kijiko mpaka giza.

"Sikuziona."

"Nilikuwa nimeziziba mimi."

Mafundi walikuwa wanaweka tofali la mwisho kwenye tundu la kaburi, maana kwetu jeneza huingizwa ukutani, mmoja wao anasawazisha saruji kwa mwiko wake taratibu. Neus alimtazama mpaka alipomaliza.

"Na ini?" akauliza.

"Lilikuwa upande wako," nikamwambia.